Sura ya Sita: Nani Ashike Bunduki

Kwa kusoma karatasi tu, Melchior Ndadaye hakupungukiwa na kitu. Juni 1, 1993 Warundi walipiga kura katika uchaguzi wa kwanza wa rais wa vyama vingi katika historia ya nchi yao, naye akapata takriban asilimia 65. Meja Pierre Buyoya, aliyeingia madarakani kwa mapinduzi mwaka 1987, alikubali kushindwa na akakabidhi ofisi kwa amani. Mwezi huohuo chama cha Ndadaye, FRODEBU, kilitwaa viti 65 kati ya 81 vya Bunge. Katiba ilikuwa mpya, ya mwaka 1992. Rais huyo, Mhutu wa kwanza kushika wadhifa huo kwa kura, akamteua Sylvie Kinigi, mwanamke Mtutsi kutoka chama kilichoshindwa, awe waziri mkuu. Nchi za nje zilipongeza, na Burundi ikatajwa kuwa mfano kwa Afrika.

Jeshi halikuguswa. Maofisa wake walikuwa karibu wote Watutsi, na wengi wao walitoka mkoa mmoja wa kusini, Bururi, ambako ndiko walikozaliwa marais wote watatu wa kijeshi waliotangulia. Usiku wa kuamkia Oktoba 21, 1993, hata miezi minne haijatimia tangu Ndadaye aapishwe, vifaru viliizingira ikulu ya Bujumbura. Rais akachukuliwa hadi kambini, akauawa mikononi mwa wanajeshi wa nchi yake. Waliuawa pia Spika wa Bunge, Pontien Karibwami, na makamu wake, Gilles Bimazubute, watu ambao kwa mujibu wa Katiba ndio wangeshika nchi rais akifariki. Waliopanga mauaji yale walikuwa wameisoma Katiba vizuri.

Yaliyofuata kila mkazi wa Kigoma na Kagera mwenye umri wa kutosha anayakumbuka. Vijijini wafuasi wa rais waliwaua majirani zao Watutsi, jeshi likawaua Wahutu, na vita ikawaka kwa zaidi ya miaka kumi. Makadirio ya kawaida ni watu 300,000 waliopoteza maisha.

Nimeichagua Burundi kwa sura hii kwa sababu mambo yake yanaonekana wazi pande zote mbili. Hapa mageuzi ya utawala yaliyosimamiwa na mataifa ya nje yalifanya kazi ambayo wengi waliiona haiwezekani, na hapahapa yakashindwa kazi ambayo wengi waliidhani imekwisha. Yalifanikiwa pale yalipoligusa jeshi. Yalishindwa pale yalipoacha mipaka ya mtawala ilindwe na nia njema ya mtawala mwenyewe.

Habari ya mkataba wa amani wa Arusha haianzi Arusha. Inaanza mwaka 1972, mwaka ambao Warundi huuita ikiza. Baada ya uasi wa Wahutu kusini mwa nchi ambamo Watutsi wengi waliuawa, serikali ya Michel Micombero iliwasaka Wahutu waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi wa sekondari, mapadri, askari. Makadirio ya waliokufa huanzia 100,000 na kufika 300,000. Maelfu kwa maelfu walikimbilia Tanzania na kupewa makazi Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakafyeka msitu na kulima. Kwa Wahutu, funzo la mwaka ule lilikuwa kwamba jeshi la nchi ni jeshi la kuwaua. Kwa Watutsi, mauaji ya 1993, na baada yake mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, yalifundisha kwamba bila jeshi hilo wao hawana pa kuponea. Hofu hizi mbili zote zilikuwa za kweli. Mtu yeyote aliyekuja Burundi na semina ya demokrasia bila jibu la hofu hizo mbili alikuwa anapoteza muda wake na wa wenyeji.

Julai 1996 Buyoya alirudi madarakani kwa mapinduzi mengine. Safari hii majirani hawakunyamaza. Ndani ya wiki moja wakuu wa nchi za kanda walikutana Arusha na kuiwekea Burundi vikwazo vya uchumi. Kwa nchi isiyo na bahari, ambayo mizigo yake mingi hupita bandari ya Dar es Salaam, reli ya kati na ziwa, hilo lilikuwa pigo la kweli, na raia wa kawaida waliumia kuliko wakubwa. Vikwazo vilisimamishwa Januari 1999, mazungumzo ya amani yakiwa tayari yameanza.

Mwalimu Nyerere ndiye aliyeyaongoza mazungumzo hayo tangu mwanzo. Njia yake ilikuwa ya kumwita kila mtu na kumsikiliza kila mtu. Kuanzia Juni 1998 wajumbe wa pande zaidi ya kumi na saba walikaa Arusha, nyingine zikiwa vyama ambavyo wafuasi wake wangeenea katika basi dogo. Waliokosoa walisema ni kupoteza fedha za posho. Nadhani hawakumwelewa. Katika Burundi ya wakati ule, chama kidogo kilichoachwa nje kilikuwa na uwezo wa kupiga kelele ya usaliti na kuvuruga kila kitu, na afadhali kelele hiyo ipigwe ndani ya ukumbi. Kosa kubwa lilikuwa jingine: waasi wenye bunduki nyingi zaidi, CNDD-FDD na Palipehutu-FNL, hawakuwa mezani.

Kazi iligawanywa kwa kamati. Ya kwanza, iliyoongozwa na Armando Guebuza wa Msumbiji, ilipewa swali ambalo mikataba mingi ya amani hulikwepa: mgogoro huu ni wa nini hasa? Kamati ya demokrasia na utawala bora iliongozwa na mwanasheria wa Afrika Kusini, Nicholas Haysom, na ile ya amani na usalama na padri Matteo Zuppi wa jumuiya ya Sant'Egidio, ambaye leo ni kardinali. Wajumbe wa Kihutu na wa Kitutsi walikaa miezi wakibishana kuhusu historia hadi kupatikana maandishi ambayo pande zote ziliweza kuyavumilia. Maandishi hayo yalisema kwamba mgogoro ni wa kisiasa kwanza, wenye sura kubwa ya kikabila, na kwamba umetokana na vita ya watu wa tabaka la siasa kugombea madaraka au kung'ang'ania kubaki nayo. Katika mkataba mzima, naona hayo ndiyo maneno yenye thamani kuliko yote, na nitayarudia nikifika mwaka 2015.

Nyerere alifariki Oktoba 14, 1999. Nafasi yake ikachukuliwa na Nelson Mandela, ambaye hakuwa na subira ya Mwalimu wala hakujifanya kuwa nayo. Aliwakaripia wanasiasa wa Burundi hadharani, mbele ya kamera, kwa kula na kulala hotelini wakati watu wao wanakufa, na akashinikiza serikali ifunge kambi ambamo jeshi lilikuwa limewakusanya kwa nguvu mamia ya maelfu ya wakulima wa kuzunguka Bujumbura. Akaweka tarehe ya kutia saini na kumwalika Rais Bill Clinton wa Marekani aje ashuhudie. Agosti 28, 2000 mkataba ulitiwa saini. Vyama kadhaa vya Kitutsi vilikataa siku ile na kutia saini wiki zilizofuata, vingine kwa kuambatanisha pingamizi zao. Upande wa wadhamini na mashahidi walikuwapo Yoweri Museveni, Daniel arap Moi, Benjamin Mkapa, Salim Ahmed Salim kwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na Joseph Butiku kwa Taasisi ya Mwalimu Nyerere.

Sasa tuingie kwenye hesabu yenyewe, maana ndiyo moyo wa jambo, na mara nyingi husimuliwa harakaharaka.

Katiba ya mwaka 2005, iliyozaliwa na mkataba huo, iliweka wazi kile ambacho nchi nyingi hukificha. Baraza la mawaziri: Wahutu wasizidi asilimia 60, Watutsi wasizidi 40. Bunge: 60 kwa 40, wanawake wasipungue asilimia 30, na viti vitatu vya Watwa, ambao kabla ya hapo hakuna aliyewahesabu. Seneti: nusu kwa nusu. Waziri wa ulinzi na waziri anayesimamia polisi wasitoke kabila moja. Sheria kupita ilihitaji theluthi mbili ya wabunge, kwa hiyo Wahutu peke yao, hata wakiungana wote, hawakufika. Kama uchaguzi hautatoa uwiano unaotakiwa, tume inaongeza wabunge wa kuteuliwa hadi mizani ikae sawa.

Kuna kanuni moja ndogo humo ambayo wageni wengi huipita bila kuiona. Orodha ya wagombea wa chama inaandikwa hivi kwamba katika kila majina matatu yanayofuatana, yasiwepo zaidi ya mawili ya kabila moja. Fikiria maana yake kwa katibu wa chama wilayani. Chama cha Kihutu kinachotaka kushinda Kayanza au Gitega lazima kitafute Watutsi wa kuwaweka juu kwenye orodha, watu halisi wenye majina yanayofahamika, na chama cha Kitutsi nacho kitafute Wahutu. CNDD-FDD, waasi wa Kihutu waliokuwa porini, waliingia uchaguzi wa 2005 wakiwa na wagombea Watutsi na wakashinda nao. Baada ya miaka michache, kumjua mbunge ni wa kabila gani hakukutosha tena kukueleza atapiga kura upande upi. Kanuni ya orodha ilifanya kazi ambayo mahubiri ya miaka mingi hayakuiweza.

Jeshi ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Kanuni yake ni fupi: hakuna kabila litakalozidi nusu katika vikosi vya ulinzi na usalama. Lakini mkataba wa Arusha ulisainiwa na watu wasio na askari msituni, na utekelezaji ukasubiri waasi. Serikali ya mpito ilianza Novemba 1, 2001, Buyoya akiongoza miezi 18 ya kwanza na Domitien Ndayizeye wa FRODEBU akipokea Aprili 30, 2003. Wakati huo vita iliendelea. Askari wa Afrika Kusini walikuja kuwalinda wanasiasa waliorudi kutoka uhamishoni, ukafuata ujumbe wa Umoja wa Afrika mwaka 2003, kisha kikosi cha Umoja wa Mataifa mwaka 2004. Makubaliano na CNDD-FDD yalifikiwa Pretoria Oktoba 2003 na kukamilishwa Dar es Salaam Novemba mwaka huo: waasi wapewe asilimia 40 ya nafasi za maofisa katika makao makuu ya jeshi jipya.

Watu waliokuwa wakiwindana sasa walitakiwa kulala bweni moja. Ofisa wa zamani aliyesomea vyuo vya Ubelgiji alijikuta chini ya kamanda aliyejifunza vita porini. Vyeo vya msituni vililinganishwa na vyeo vya chuoni, na kila ulinganisho ulikuwa ugomvi. Lakini jeshi hilo likaungana. Desemba 2007 lilipeleka askari Somalia, na huko, chini ya risasi za Al-Shabaab, Mhutu na Mtutsi walimtegemea mwenzao kwa uhai. Kuanzia 2009 Uholanzi iliingia mkataba wa miaka minane wa kusaidia mageuzi ya jeshi na polisi, muda mrefu kuliko wafadhili wengi wanavyokubali kujifunga. Kwa maoni yangu hiyo ilikuwa kati ya fedha za nje zilizotumika kwa akili kuliko zote Burundi.

Desemba 2005 Umoja wa Mataifa ulianzisha Tume ya Kujenga Amani, chombo kipya cha kuzisaidia nchi zinazotoka vitani zisirudi huko. Nchi mbili za kwanza kuwekwa kwenye ajenda yake, Juni 2006, zilikuwa Sierra Leone na Burundi, na kila moja ikatengewa dola milioni 35 kutoka mfuko wake. Ziligharimia kambi za askari, mahakama za mwanzo, vituo vya vijana, mapambano dhidi ya rushwa. Kazi nyingi zilikuwa nzuri. Lakini ripoti zilizotoka zilihesabu majengo na warsha, wakati serikali mpya ya Rais Pierre Nkurunziza wa CNDD-FDD ilikuwa inawafunga wapinzani na waandishi na kuujaza utumishi wa umma watu wa chama. Uchaguzi wa 2010 ulisusiwa na vyama vikuu vya upinzani baada ya kura za wilaya, na rais akagombea peke yake. Nchi za nje zilinung'unika kidogo, zikaendelea. Zilikuwa zimechoka, na zilihitaji mfano wa mafanikio wa kuonyesha.

Nako vijijini kulikuwa na jambo ambalo halikutatuliwa na kura yoyote. Wakimbizi wa 1972 walirudi kutoka Tanzania wakakuta mashamba yao yana wenyewe. Kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, ambako kuna michikichi na ardhi nzuri ya kando ya ziwa, familia zilizopewa mashamba hayo na serikali zilikuwa zimezika wazazi wao humo. Sheria ya ardhi ilimpa haki aliyekaa miaka 30. Mkataba wa Arusha ulimwahidi mkimbizi kurudishiwa mali yake. Tume ya ardhi iliyoundwa 2006, chini ya padri Astère Kana, ilijaribu kuwashawishi wagawane shamba katikati, na wengi walikubali kwa uchungu. Chini ya mwenyekiti aliyefuata, Sérapion Bambonanire, tume iliegemea kumrudishia mkimbizi kila kitu, na waliofukuzwa wakaanza kukusanyika kupinga. Kwa kuwa Warundi walio wengi wanaishi kwa jembe, na mashamba yao ni vipande tu, naamini shauri moja la shamba huko Rumonge lilikuwa na uzito kwa amani ya nchi kuliko kikao kizima cha New York.

Ofisi ya kisiasa ya Umoja wa Mataifa ilifungwa Desemba 31, 2014 kwa ombi la serikali. Haikupita hata miezi minne. Aprili 25, 2015 chama tawala kilimteua Nkurunziza kugombea muhula wa tatu.

Hapa inabidi kusoma ibara mbili kwa makini. Ibara ya 96 ya Katiba ilisema rais huchaguliwa kwa kura ya moja kwa moja ya wananchi kwa miaka mitano, naye anaweza kuchaguliwa tena mara moja. Ibara ya 302 ilisema kwamba, kwa namna ya pekee, rais wa kwanza baada ya kipindi cha mpito atachaguliwa na Bunge na Seneti. Mawakili wa rais wakasema: mwaka 2005 alichaguliwa na wabunge, si wananchi, kwa hiyo muhula ule hauhesabiki. Lakini mkataba wa Arusha, katika Protokali ya Pili, ulikuwa umetamka bila kona kwamba hakuna atakayetawala zaidi ya mihula miwili. Walioandika Katiba waliiacha kauli hiyo ipotee njiani kutoka mkataba hadi ibara, na mwanya ule mdogo ukatosha kupitisha muhula mzima. Mei 2015 Mahakama ya Katiba ilimruhusu rais kugombea. Makamu wa rais wa mahakama hiyo, Sylvère Nimpagaritse, alikimbilia Rwanda kabla ya hukumu kutangazwa, akieleza kwamba majaji walishinikizwa na kutishwa. Miaka sita baadaye, Novemba 2021, Kitengo cha Rufaa cha Mahakama ya Afrika Mashariki kiliamua kwamba hukumu ile ilikiuka mkataba wa Arusha na mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nkurunziza alikuwa amekwisha fariki mwaka mmoja kabla.

Mara baada ya uteuzi ule wa Aprili 2015 vijana waliingia barabarani Bujumbura, katika mitaa ya Musaga na Nyakabiga, polisi wakafyatua risasi. Katika wiki zile za mwanzo wanajeshi walionekana mara nyingi wakisimama kati ya polisi na waandamanaji. Mei 13, rais akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa Jumuiya, Jenerali Godefroid Niyombare akatangaza kumpindua. Niyombare ni Mhutu, mpiganaji wa zamani wa CNDD-FDD. Pembeni yake alikuwa Jenerali Cyrille Ndayirukiye, Mtutsi wa jeshi la zamani, aliyewahi kuwa waziri wa ulinzi. Mapinduzi yalizimwa ndani ya siku mbili, na redio huru za Bujumbura zikachomwa au kufungwa. Makamu wa pili wa rais, Gervais Rufyikiri, na Spika Pie Ntavyohanyuma, wote Wahutu wa chama tawala, walikimbia nchi wiki zilizofuata.

Tazama majina hayo kwa makabila yake, nami naomba radhi kwa kulazimika kuyataja hivyo. Mgogoro ulikuwa mkubwa, damu ilimwagika, lakini haukugawanyika Wahutu huku na Watutsi kule. Wapo waliojaribu kuusukuma huko, na baada ya mashambulizi ya kambi za jeshi Desemba 2015 maofisa Watutsi wa jeshi la zamani waliuawa na wengine kutoweka. Pamoja na hayo, mlima haukushuka kuua bonde kama mwaka 1993. Ilikuwa ile ile vita ya watu wa siasa waliyoieleza wajumbe wa Arusha, bila vazi lake la kabila. Kanuni ya jeshi na kanuni ya orodha zilishika. Kilichokatika ni kila kitu kilichopaswa kumwambia rais basi: mahakama, tume ya uchaguzi, Bunge, na wadhamini wa nje.

Gharama yake iliwafikia wavuvi wa Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kisichokuwa na barabara ya gari. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi walijaa ufukweni pale. Kipindupindu kikazuka na kuua watu. Meli ya zamani ya MV Liemba ikawa inakwenda na kurudi, mitumbwi ikiwapeleka wakimbizi hadi melini, takriban mia sita kwa safari, hadi Kigoma na kutoka hapo kwa basi hadi Nyarugusu. Kufikia 2017 wakimbizi katika nchi jirani walizidi 400,000, zaidi ya nusu yao Tanzania. Kati yao walikuwamo waliozaliwa katika makazi ya Tanzania, wakarudi kwao, na sasa wakakimbia mara ya pili.

Katiba ya 2018 iliongeza muhula hadi miaka saba na kuondoa sharti la theluthi mbili kwa sheria za kawaida, kwa hiyo ngao moja ya wachache imeondoka. Katika uchaguzi wa Juni 2025 chama tawala kilizoa viti vyote 100 vya Bunge vilivyogombewa. Mizani ya 60 kwa 40 imo, lakini wote wameketi upande mmoja. Ibara ya 289 iliipa Seneti miaka mitano kupima kama mgao wa makabila katika serikali, Bunge na mahakama uendelee au uishe, na mwaka 2023 Seneti ilianza kukusanya maoni. Kuhusu jeshi na polisi, muda wa kanuni ya nusu kwa nusu nao uko mikononi mwa Seneti. Hoja ya kuondoa mgao ina uzito wake: vijana wengi hawataki kuulizwa kabila ili wapate kazi, na ninawaelewa. Naomba tu mambo mawili yasichanganywe. Mgao wa viti unaweza kujadiliwa siku ambayo kutakuwa na upinzani bungeni wa kuujadili. Kanuni ya jeshi isiguswe mpaka iwepo mahakama ambayo jaji wake anaweza kuandika hukumu dhidi ya rais, kisha akarudi kulala nyumbani kwake Bujumbura.